Wageni wa Jelle

Watu wa Habaswein humsifu sana mume wangu Jelle. Ni sawa, wao hawaishi naye. Mimi Maryan ndiye niliyekaa naye mwaka ule wa tisini na nane, mafuriko ya El Nino yalipokwisha kulibeba daraja letu na kampuni tatu zikaja pamoja kujenga jingine.

Kampuni hizo zilikuwa zimenyang'anyana kazi miaka mingi, lakini safari hii zilikubaliana kupunguza moshi. Mhandisi wao, Mutiso, kijana wa Kitui mwenye adabu zake, alitueleza kwamba viwanda vya saruji na malori vinachafua hewa na kuongeza joto la dunia. Basi daraja litajengwa kwa mawe ya kuchonga kutoka Wajir, saruji kidogo tu, na mizigo ya kampuni zote itapanda malori yale yale badala ya kila moja kuleta lake. Kazi itachukua muda zaidi, akasema. Jelle akamwambia joto la huku tulilikuta, tukacheka wote.

Siku hizo barabara ilikuwa na majambazi, na mgeni hakai kwetu bila abaani, yaani mwenyeji anayemweka chini ya ulinzi wake. Ukimgusa mgeni, umemgusa abaani na ukoo wake mzima. Nani akajitolea kuwa abaani wa Mutiso na mafundi wake? Jelle wangu, bila hata kuniuliza. Tangu hapo hakuweza kutoka Habaswein maadamu wao wapo, isipokuwa ndugu yake wa damu amshikie nafasi.

Na ndugu alikuwa mmoja tu, Hared wa Tarbaj. Riziki ya Hared ilikuwa lori la kubeba saruji, na mpango ule wa kupunguza safari ukaliacha limelala mlangoni kwake. Akaja amefura.

"Walaal, ndugu yangu, waondolee mkono hao wageni," akamwambia Jelle. "Hatutawagusa. Wataogopa wenyewe waende zao, waje wengine wanaojenga kwa saruji."

"Nimekwisha kuwapokea," Jelle akasema.

"Mama anaumwa, anakutaja wewe. Ukitaka kumwona, waache. Mimi sikushikii nafasi."

Mama mkwe wangu, Raho, alikuwa akiishi kwa Hared. Kila gari lililotoka Wajir lilileta salamu zake, na kila salamu ilikuwa dhaifu kuliko ya jana. Anauliza Jelle yuko wapi. Amekataa maziwa. Hamjui tena mtu ila kwa sauti. Jelle alisikiliza, akashukuru, akarudi kuketi kando ya mto mkavu kuwatazama mafundi wakipanga mawe. Jiwe moja lilipimwa, likachongwa, likapimwa tena. Niliyachukia mawe yale, Mungu anisamehe.

"Mwambie Mutiso," nikamsihi.

"Nikimwambia ataona namfukuza."

"Basi nitamwambia mimi."

"Maryan, ni mgeni wangu."

Nilitamani kumzaba kofi. Siku moja nilijikaza nikaenda hadi kwenye mahema yao, maneno yote yako mdomoni. Mutiso akainuka kwa heshima, akanipa kiti chake. Nikamtazama kijana wa watu, mbali na mama yake, anatutegemea sisi tu katika nchi nzima hii. Nikamuuliza kama maji yanawatosha. Akasema yanatosha. Nikarudi nyumbani nikijilaani njia nzima.

Raho alifariki Alhamisi, akazikwa kabla ya alasiri kama ilivyo desturi. Habari zilitufikia amekwisha kulala chini ya mchanga.

Mutiso alisikia kwa mafundi, akaja kutoa rambirambi, kofia mkononi. Alipoelezwa kisa chote akamgeukia mwenyeji wake.

"Mzee Jelle, kwa nini hukuniambia? Tungefunga kazi wiki moja, twende sote Garissa tukungoje huko. Ungekuwa huru. Mawe hayaozi."

Nikaona uso wa Jelle ukizeeka hapo hapo, mbele yangu. Halafu akamuuliza mgeni wake kama mbu hawamsumbui usiku.

Mimi niliingia ndani nikalia, na sikujua nimlilie nani, mama mkwe wangu au yule mpumbavu wangu aliyeketi nje.