Dai la Kwanza la Nesi Doris

Wazee wa Kibarabaig wa upande wa chini ya Mogitu walikuwa na tabia ya kuchelewa kufika kituo cha afya. Mzee akizibwa mkojo, alijikaza nyumbani siku nzima na usiku wake, hata tumbo likawa gumu kama jiwe, ndipo wanawe wampakie kwenye pikipiki, mmoja mbele akiendesha na mwingine nyuma amemshika. Akishushwa, kabla hajaulizwa jina, yeye ndiye aliyeuliza: Nesi Doris yuko zamu?

Doris Bura alikuwa mtu wa Tlawi, binti wa wakulima wa vitunguu saumu na maharage. Alisomea uuguzi, akapangiwa kazi Hanang, akabaki huko miaka kumi na tisa. Hakuwa mwongeaji. Hata kwenye vikao vya wafanyakazi alikaa karibu na mlango na kutoka wa kwanza. Kilichomtangaza ni mkono wake. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba ni mgumu kumwekea mpira wa mkojo, kwa kuwa njia imebanwa, naye mwenyewe ana aibu na maumivu, mwili wote umekaza. Doris aliuingiza mpira huo na mzee akashangaa kusikia mkojo ukitiririka kwenye mfuko wa plastiki wakati bado anasubiri kuumia.

Mwaka ambao Doris alikwenda likizo kumsaidia mama yake kuvuna, muuguzi mwingine, kijana mwenye haraka, alimsukumia Mzee Gidamis mpira kwa nguvu. Damu ikatoka nyingi. Mzee akapelekwa hospitali kubwa, akalala wiki tatu, akapona. Lakini aliporudi nyumbani aliwasimulia wenzake, na kwa miezi mingi hakuna mzee wa rika lake aliyekubali kuletwa kituoni. Mmoja wao aliletwa akiwa hajitambui, figo zimeshaharibika, na hakuishi.

Kifo hicho kilimkaa Doris moyoni. Alimwita yule kijana, akamwita na Loveness, muuguzi mpya aliyekuwa hajamaliza hata mwaka, akajaribu kuwafundisha. Wakamwuliza anafanyaje. Akafikiri, akasema, "Unakwenda taratibu." Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Yeye mwenyewe aliona hakuwaambia kitu.

Siku moja alipeleka simu yake kwa fundi Yakubu, Katesh, ikatengenezwe kioo. Yakubu alikuwa na kibanda karibu na stendi, anatengeneza simu, redio na printa za watu wa steshenari. Wakati Doris anasubiri, Yakubu alikuwa akijaribu printa. Karatasi ikavutwa na virola viwili, vigurudumu vya mpira vilivyo ndani yake, ikakwama katikati, na mashine ikasimama yenyewe. Doris akauliza imejuaje kwamba karatasi imekwama. Yakubu akamweleza kwamba mota ikizidiwa inakula umeme zaidi, na mashine inausoma umeme huo. Doris akachukua simu yake, akalipa, akafika mlangoni, akarudi.

"Fundi," alisema, "badala ya karatasi, inaweza kusukuma mpira wa mkojo?"

Iliwachukua karibu miaka miwili, wakikutana Jumamosi ambazo Doris hakuwa na zamu. Kilichopatikana mwisho ni kisanduku chenye ukubwa wa mkate, ndani yake virola viwili laini, mota ndogo, na kompyuta isiyozidi kiganja. Virola viliushika mpira na kuusogeza mbele kidogo kidogo. Hawakuthubutu kukijaribu kwa mtu. Doris aliazima kutoka chuo cha uuguzi kiungo cha plastiki cha kufundishia, na Yakubu akatengeneza kibano cha kubana na kulegeza njia kwa ndani, kama ilivyo kwa mgonjwa.

Mwanzoni mpira ulijikunja kila ulipofika kwenye kibano. Yakubu akaipanga kompyuta upya: mota ikizidiwa, virola virudi nyuma kidogo, vitulie, visianze tena mpaka kule mbele kulegee. Ikafanya kazi, lakini Doris hakuipenda. Aliona kama mashine inaogopa.

Mume wake, Patriki, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, ndiye aliyewaambia kuhusu hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi ili kazi yake isichukuliwe na mwingine. Akawasaidia kuandika maombi. Alisoma maelekezo yote na kuwaeleza kwamba kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo, ambamo unasema kifaa kimeundwaje na kinafanyaje kazi. Ya pili ni madai, sentensi chache tu, ambazo ndizo zinazosema kipi hasa ni chako. Kilichoandikwa vizuri kwenye maelezo na kusahauliwa kwenye madai, hukudai.

Maelezo aliyaandika Yakubu, kurasa tisa. Doris alipoyasoma alikwama kwenye ukurasa wa sita, palipoandikwa jinsi virola vinavyorudi nyuma na kungoja.

"Hii itoe," alimwambia. "Watasema mashine yetu inasitasita."

Yakubu akakataa kwa upole. Alisema ndivyo inavyofanya kazi, na yeye hawezi kuandika kazi nusu. Sentensi ikabaki. Dai la kwanza aliliandika Doris mwenyewe, naye Patriki akaligeuza kwa Kiingereza: kifaa kinachoingiza mpira wa mkojo taratibu, na kusimama kinapokutana na kizuizi, bila kumwumiza mgonjwa. Wakatuma.

Barua ya mkaguzi wa ofisi ya hataza ilikuja baada ya miezi kumi na moja, imesainiwa na mtu aitwaye Alfredi Sulle. Ilikuwa na kurasa nne, na Patriki aliisoma mezani mara mbili kabla ya kusema chochote. Mkaguzi alisema kwamba roboti za kusukuma mipira mwilini zipo. Aliambatanisha maombi ya watu wa nchi ya mbali, waliotengeneza roboti ya kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu hadi kwenye moyo. Nayo ilikuwa na virola. Nayo ilisimama ikikutana na kizuizi. Kwa hiyo dai la kwanza halikuwa na jipya. Tena, aliandika, neno "taratibu" halipimiki, na "bila kumwumiza mgonjwa" ni matumaini ya mvumbuzi, si sehemu ya kifaa. Walipewa miezi mitatu kujibu.

Doris hakulia, lakini alikiweka kisanduku juu ya kabati. Yakubu alipopiga simu, Doris alimwambia kwamba wazungu wameshafanya, tena kwenye moyo, sisi na mkojo wetu tutasema nini.

Wiki chache baadaye Mzee Gidamis aliletwa. Amezibwa tena. Wanawe walisema amekubali kuja kwa sharti moja tu, na sharti lilikuwa limesimama pale mlangoni na aproni yake.

"Shikamoo, baba," alisema Doris.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Loveness alishika trei. Doris akanawa, akavaa glavu, akaanza. Mpira ulikwenda mpaka pale palipobanwa. Mzee alikuwa ameuma meno, macho yamefungwa, anangoja yale ya mara ile. Dakika ikapita. Akafumbua jicho moja.

"Mbona umesimama?"

"Nakungoja wewe, baba," alisema Doris. "Ukiwa tayari, utanifungulia mwenyewe."

Mzee akatoa pumzi ndefu, mabega yakashuka, na mpira ukapita.

Walipokuwa wakikusanya vifaa, Loveness aliitua trei mezani. Kisha akasema, "Sista, ulirudi nyuma."

Doris hakuelewa.

"Kabla ya kusimama. Ulipokwama, uliurudisha mpira nyuma kidogo, kama upana wa kidole. Ndipo ukangoja. Sisi tukikwama tunasimama palepale, tunaendelea kubana, halafu tunasukuma tena."

Doris alibisha. Alisema hajawahi kurudi nyuma, yeye huenda tu taratibu. Loveness, ambaye kwa kawaida hakumbishia mkubwa, alisema ameona kwa macho yake. Basi wakakubaliana: kila mgonjwa atakayeridhia, Loveness asimame na saa, rula na daftari, aandike tu anachokiona. Katika wiki saba waliandika wagonjwa kumi na wanane. Kwa kumi na wanne njia ilikwamisha mpira, na kwa wote kumi na wanne mkono wa Doris ulirudi nyuma, ukatulia, ukaendelea baada ya mwili kulegea. Wengine walilegea kwa sekunde kumi, wengine karibu dakika. Doris alisoma daftari lile kama mtu anayesoma habari za ndugu asiyemfahamu.

Akashusha kisanduku kutoka juu ya kabati, akapanda gari la asubuhi kwenda Katesh.

Usiku Doris, Yakubu na Patriki waliketi na yale maombi ya roboti ya moyo, Patriki akiyapitia neno kwa neno. Ile roboti ikikwama ilisimama na kupiga kengele ili daktari aamue. Haikurudi nyuma. Haikungoja kitu chochote kutoka kwa mgonjwa. Waliandika dai jipya kwa furaha, wakajaza namba za daftari la Loveness, milimita na sekunde, wakatuma.

Baada ya siku tisa simu ya Doris iliita akiwa kliniki ya watoto. Ilikuwa ni Bwana Alfredi, yule mkaguzi. Alizungumza kwa adabu, Kiswahili cha mtu aliyekulia huku nyanda za juu, na baada ya salamu alisema kwamba dai jipya ni zuri kuliko la kwanza, lakini hawezi kulikubali.

"Huruhusiwi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo siku ulipoomba," alisema. "Hizi milimita na sekunde umezipata juzi."

Doris aliegemea ukuta wa nje. Alimwuliza kama basi ndiyo mwisho.

"Sijasema hivyo, mama. Nimesema namba hazikuwemo. Hilo la kurudi nyuma na kungoja, je, lilikuwemo? Mimi sikuandikii madai, si kazi yangu. Lakini soma tena ulichotuletea mwenyewe, halafu unionyeshe."

Hakuhitaji kusoma. Aliuona ukurasa wa sita mbele ya macho yake, na ile sentensi aliyotaka itolewe. Alimpigia Yakubu palepale, na kabla hajamsalimia alimwomba msamaha. Yakubu alidhani simu ya Doris imeharibika tena.

Safari hii waliandika polepole. Kila neno walilichukua na kuliuliza linasimamia kitu gani ndani ya kisanduku. "Taratibu" likaondoka, na "bila kumwumiza mgonjwa" likalifuata. Palipobaki shida ni mwisho wa kungoja. Patriki alitaka sekunde thelathini. Doris akasema hapana, daftari linaonyesha kila mwili una wakati wake, na namba zenyewe haziruhusiwi. Yakubu ndiye aliyekumbuka kwamba mashine haihesabu sekunde hata kidogo. Inapima mkazo tu. Dai likatoka hivi: kifaa ambacho, mkazo kwenye mpira ukifikia kiwango kilichowekwa, virola vyake huurudisha mpira nyuma, hutulia, wala haviendi mbele tena mpaka mkazo huo ushuke chini ya kiwango kile.

Patriki alilisoma kwa sauti. Doris akamwomba arudie. Asubuhi yake aliliandika kwa maneno mepesi kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa chumba cha matibabu: ukikwama, rudi kidogo, tulia, usiendelee mpaka alegee. Yule kijana mwenye haraka aliisoma karatasi ile. Kisha akamwuliza Doris kama anaweza kumsimamia kwa mgonjwa atakayefuata. Alimsimamia. Kijana alirudi nyuma zaidi ya ilivyohitajika, akangoja mpaka Doris akachoka kusimama, na mgonjwa hakutoa hata sauti.

Hataza ilitolewa mwaka uliofuata, kwa majina mawili, Doris Bura na Yakubu Hasani. Inachokilinda ni kidogo. Haisemi kwamba wao ndio waliovumbua roboti ya mpira, wala virola, wala kusimama. Inasema kurudi na kungoja ni mali yao. Yakubu aliiweka nakala kwenye fremu kibandani, kati ya bei za vioo vya simu na kalenda, na wateja waliuliza ni cheti cha shule gani.

Kisanduku bado hakijamgusa mgonjwa hata mmoja, na Doris humwambia hivyo kila anayeuliza. Mwezi uliopita hospitali moja ya mkoani iliwaandikia. Wahandisi wake wa vifaa tiba wanataka kukipima, kisha waombe kibali cha majaribio kwa watu, na wanawahitaji wao wawili wawepo. Walitaka pia kujua kama kinaweza kufanywa kidogo zaidi, kwa ajili ya watoto wanaozaliwa na njia ya mkojo iliyobana.

Yakubu alisema hajui. Doris alisema virola vitapaswa kuwa laini kuliko hivi, akatoa glavu mfukoni, akaikata kidole kimoja, na kuanza kukivisha kwenye kirola ili waone.