Kompyuta Iliyolala Saa ya Milembe

Ipo asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo ikinijia mpaka leo nasikia baridi ya miguuni. Nilikuwa msichana, tunaishi Magamba kwa bibi yangu, mama yake baba. Zamani hizo kiberiti hakikuwa kitu cha kuchezea. Usiku bibi aliyafukia makaa kwenye majivu, na asubuhi ukifukua unakuta moto unakungoja. Siku hiyo nimeamka, nimetazama mafigani, naona majivu tu, hakuna hata moshi. Nikasema umekufa. Nikazoa yote, nikamwaga jalalani, nikatoka na kigae changu kwenda kuomba moto kwa jirani huku mvua inaninyea.

Nikirudi namkuta bibi amechutama jalalani, anachokoachokoa kwa kijiti. Kaa jekundu lilikuwa pale, linalia chiii kwenye tope.

"Nani amekwambia umekufa?"

"Niliuona, bibi."

"Umeuona! Uliugusa? Moto nimeulaza mimi mwenyewe kwa mikono hii. Aliyelala haulizwi kwa macho, anaguswa."

Na huo moto wa jirani ulikuwa umeshazimwa na mvua njiani. Tulikula kiporo cha baridi, na bibi alinisema mpaka jioni. Alikuwa na mdomo yule bibi, Mungu amrehemu. Mdomo wenyewe nimeurithi mimi, na ndio ulioniponza.

Nikawa karani wa shule, nikaanza na tapureta nikamaliza na kompyuta. Nikastaafu. Nikazika mume. Sasa naishi peke yangu hapa Makanyagio, na nyie vijana mnaosema mnapenda kukaa wenyewe, ngojeni kwanza. Kusonga ugali wa mtu mmoja ni kazi kuliko wa watu kumi. Unaweka maji kidogo, bado unazidi. Unaula kesho yake. Kuna siku nilijikuta namsimulia kuku habari za sokoni Kashaulili, na kuku mwenyewe akaondoka.

Mtoto ninaye mmoja, Milembe, mwalimu, yuko Mtwara na mumewe. Simu yangu ni kitochi, haina sura ya mtu. Kwa hiyo kila Jumapili saa kumi alikuwa ananipigia kwenye kompyuta ya marehemu baba yake, ile nzee ya mezani, nikamwona uso. Nilikuwa nakaa mbele yake mapema, nacheza karata za humo ndani, mpaka iite. Wiki yangu nzima ilikuwa Jumapili, mwanangu. Siku nyingine zilikuwa za kupita tu.

Basi Jumapili moja Milembe akasema niuze nyumba nihamie kwao. Alisema kwa mapenzi. Mimi nikamjibu, "Mimi si gunia la mtu kunibeba. Subiri nife ndipo uuze." Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliona uso wake ulivyobadilika. Akaaga.

Jumapili iliyofuata nikasema, leo simngojei kama mjinga. Nikawasha kompyuta, na kwa kuwa inachukua muda wa kumenya viazi mpaka iwake vizuri, sikuingoja. Nikatoka barazani kuchambua mchele, nimeipa kisogo, lakini masikio yote yako ndani. Saa kumi ikapita. Jua likazama. Kuingia, kioo cheusi. Nikasema nayo imechoka kama mwenyewe, nikachomoa plagi ukutani.

Jumapili nyingine vilevile. Na nyingine. Milembe kimya, kompyuta nyeusi. Nikajiambia, mtoto amenisusa, haya. Yeye ananyamaza na mimi najua kunyamaza. Kitochi kilikuwa mfukoni mwa kitenge changu muda wote, namba yake imo, na sikupiga. Usiku nilikuwa nakigeuza mkononi halafu nakirudisha chini ya mto. Nililia, nisikudanganye.

Mwishowe nikaona hilo dude kwenye meza linanicheka tu. Nikaamua kumpa mnunuzi wa chuma chakavu. Jumapili hiyo jioni nikainama kuchomoa plagi kama kawaida, na hapo chini, karibu na batani ya kuwashia, nikaona kitaa kidogo cha rangi ya chungwa. Kinawaka, kinafifia. Kinawaka, kinafifia. Lo! Nikamsikia bibi kabisa: uliugusa?

Nikagusa kibodi. Ikavuta pumzi, ikawaka. Na mbele yangu simu za Milembe zimepangana, Jumapili baada ya Jumapili, zote hazikupokelewa.

Nikakaa chini. Mimi niliyekaa miaka ofisini mbele ya mashine hizi nikaelewa palepale. Zamani nikicheza karata, mkono wangu ndio uliokuwa unaiweka macho. Nilipoipa kisogo, ikakaa kidogo bila kuguswa, ikalala, na ikilala simu haiwezi kuita. Nikaingia kwenye setingi, sehemu ya umeme. Ipo ya kioo kuzima, ipo ya mashine yenyewe kulala, na ipo nyingine imejificha ndani zaidi, inayoruhusu kifaa cha intaneti kuzimwa ili kubana umeme. Zote amezipanga marehemu. Alikuwa anaogopa uniti za LUKU kuliko nyoka. Mkono ukawa mzito kufuta kitu alichokipanga yeye, maana alama zake zimebaki chache humu ndani. Ile ya kulala nikaiweka isilale kamwe. Ile ya intaneti nikaitoa alama. Ya kioo nikaiacha kama alivyotaka.

Kisha nikampigia mimi. Alipotokea alikuwa amekonda, amejifunga kanga kichwani.

"Mama? Mama, nilijua hutaki tena kuniona."

"Nani kakwambia?"

"Hukupokea. Kwenye kitochi nikaogopa, nikasema utanitukana." Akarekebisha kanga. "Nilikuwa nimelazwa, Mama. Mimba imetoka. Nilitaka nikuone tu."

Yalaa, mwanangu! Mtoto wangu amelala kitandani hospitali ananiita, na mimi niko barazani nachambua mchele kwa hasira. Niliweka kiganja kwenye kioo, naye akaweka chake, tukalia mpaka bando likaisha. Kesho yake nikaenda kukata tiketi ya kwenda Mtwara, mimi gunia nisiyebebeka.

Sasa nisikilize. Mtu wako akinyamaza, usimzike. Usihesabu kimya chake ukakilipa kwa kimya chako, maana hasira hasara, na hasara nyingine hairudi. Huenda naye amekaa upande wa pili anasema umemsusa. Mguse kwanza. Piga wewe, hata kama wewe ndiye mkubwa, hata kama wewe ndiye uliyekosewa. Ukimkuta amekufa kweli kwako, basi, utakuwa umegusa.

Mungu akulinde uendako, akupe riziki na watu wa kula nawe. Na siku utakayonyamaza wewe, mwanangu, akuletee mtu wa kukugusa.