Kiwanja Kilichopimwa kwa Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja huku bondeni Momba. Nesi alikuwa anafungua mizani ya watoto aliyoitundika kwenye boriti, akaingia mama mmoja, mtoto mgongoni, vumbi hadi magotini.

"Mama, kila mwezi unafika tumeshamaliza. Kwa nini usitoke mapema?"

"Nimetoka jana, nesi."

"Sasa mbona mmejenga mbali hivyo?"

"Baba watoto ndiye alichagua. Aliswaga ng'ombe kutoka pale mpaka mtoni, akaona hawachoki. Akasema tujenge hapo hapo."

Nesi akaitundika mizani upya. Kwenye kadi, mstari wa uzito ulikuwa unateremka. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Huko ni mbali kuliko hapa?"

"Mbali, mama."

Akajifunga khanga, akatoka.

Njia nzima nilimlaani yule baba. Nilipokaribia kwangu Tunduma nikakumbuka kwamba kiwanja changu nilikwenda kukiangalia kwa pikipiki, nikatangaza kuwa ni karibu na soko. Mke wangu hajui kuendesha pikipiki. Nilimkuta njiani, ndoo ya mahindi kichwani, amesimama anapumzika.