Magitaa Mawili ya Costancia

Costancia Beda anashona nguo kwenye kibaraza cha duka moja karibu na stesheni ya Kilosa, na wateja wake wengi hawajui kwamba ndiye mpiga gitaa wa kwaya ya parokia. Babu yake alikuja kutoka Ungoni kukata mkonge Kimamba. Baba yake, mzee Beda, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na ndiye aliyemfundisha binti yake gitaa tangu yuko shule ya msingi.

Gitaa la mzee Beda ni la kahawia, jepesi, limechujuka rangi pale mkono unapolalia. Sauti yake ni dhaifu. Sumaku zake, zile zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zimechoka, na ukilichomeka kwenye amplifaya linanong'ona tu. Kwaya ilipopata mashine ya kuigiza amplifaya, kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni na kubonyezwa kwa mguu, Costancia alikaa nacho jioni nyingi akitengeneza sauti na kuzihifadhi humo. Sauti hizo zilizohifadhiwa wapigaji huziita priseti. Kwa kuwa gitaa lilikuwa nyonge, kila priseti aliisukuma juu, pale sauti inapoingilia na pale inapotokea, mpaka gitaa la baba yake likasikika ukumbi mzima.

Kisha mfadhili wa kwaya akaleta gitaa jipya. Lilikuwa jekundu, zito, lenye betri ndani na sumaku kali. Costancia alilijaribu nyumbani kwa hedifoni, sauti akiwa ameishusha. Alilisikia lina sauti iliyojaa kidogo kuliko lile la zamani, akapenda. Kwenye mashine hakugusa kitu.

Tamasha la kwaya lilifanyika mwezi Machi, ukumbini, mvua ikipiga mabati tangu asubuhi. Mtu asiye wa Kilosa hawezi kujua jinsi mvua ya Machi inavyokaa vichwani mwa watu wa pale. Mto Mkondoa umeshaingia majumbani mwao. Wapo waliopanda tuta la reli na watoto mabegani, wakatazama vitanda vyao vikienda na maji. Ndiyo maana mvua ikizidi, hata watu wakiwa wanaimba, sikio moja liko mtoni.

Costancia akachomeka gitaa jekundu, akafungua sauti, akapiga kodi ya kwanza, nyuzi kadhaa kwa pamoja.

Spika zikanguruma. Sauti ilitoka imechanika, ikarudi kwenye nyuzi, nyuzi zikatetemeka zenyewe na kuilisha tena spika, ikawa inakua bila mtu kupiga chochote. Sakafu ilitikisika. Nyuma ya ukumbi mtu akapiga kelele, "Maji! Maji yanakuja!"

Ukumbi mzima ulisimama kwa pamoja. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja, ule mwingine umefungwa kwa sababu ya mvua, na watu wote walielekea huo mmoja. Costancia alibaki jukwaani na gitaa linalonguruma mikononi. Alijua kuna kitufe cha kuzima, lakini hakukumbuka kiko wapi. Mwishowe alilalisha kiganja juu ya nyuzi, na sauti ikakatika. Hapo ndipo aliposikia mtu akilia mlangoni.

Alikuwa Bi Magreti, mama mtu mzima wa kwaya ya akina mama. Alikuwa ameangushwa na kukanyagwa, na nyonga yake ilikuwa imevunjika. Mto haukuwa umefurika.

Hakuna aliyemlaumu Costancia. Mwalimu wa kwaya, Melkizedek, alisema ni ajali, na kila mtu akarudia neno hilo. Lakini Costancia aliacha gitaa. Magitaa yote mawili aliyaegemeza nyuma ya kabati, akaifunika mashine kwa kipande cha kitambaa. Treni ya mizigo ikipita karibu na kibaraza chake, mikono yake ilikuwa inasimama juu ya cherehani mpaka mtetemo uishe. Wateja walidhani anafikiria mshono. Jumapili alikaa kanisani karibu na mlango, akijua wazi nani yuko mbele yake na nani nyuma.

Bi Magreti alitibiwa Morogoro, akarudi Kilosa anatembea kwa mkongojo. Costancia alikawia sana kwenda kumwona. Alipokwenda, alisimama nje kwanza akijipanga la kusema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia, mbona umesimama juani?"

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Bi Magreti alimwuliza habari za baba yake, kisha akasema, "Sesilia anaolewa. Sherehe ni Mikumi, huko huko anakouzia chakula. Nataka wewe upige."

Sesilia ni binti yake wa mwisho, ana mgahawa kando ya barabara kuu, wanapokula madereva wa malori.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini?"

"Naogopa. Nikishika tu ule waya, naliona lile pindo la kanga yako lililokanyagwa pale mlangoni."

Bi Magreti aliusogeza mkongojo wake ukutani. "Mimi nilivunjika nyonga, na nimetembea. Wewe umevunjika wapi? Haya, niambie hili basi. Ulishajua ni nini kilinguruma?"

"Hapana. Sijaigusa tena ile mashine."

"Kajue kwanza. Mimi nilishajua aliyenikanyaga, nikapumua. Nitakaa mstari wa mbele, na nitakaa hapo hapo hata spika ikipasuka."

Costancia alikubali. Ilibidi magitaa yote mawili yatumike. Lile la kahawia, shingo yake ilikuwa imepinda kwa unyevunyevu wa nyuma ya kabati, halikai kwenye sauti zaidi ya wimbo mmoja au nyimbo mbili. Lingetosha kumwingiza bibi harusi kwa sauti yake laini. Nyimbo za kucheza zingehitaji jekundu.

Alimpigia simu Abubakari, mwenye vyombo vya muziki vya kukodisha Mikumi, ambaye ndiye angefunga spika siku ya harusi. Alimsimulia yote.

"Dada Costa," Abubakari alisema, "mashine haijui umeshika gitaa gani. Uliiambia anayekuja ni mnyonge, apazwe. Akaja mwenye nguvu, nayo ikampaza vilevile."

"Sasa nifanyeje?"

"Priseti ya gitaa la mzee iache ilivyo. Toa nakala yake, hiyo nakala ndiyo iwe ya jekundu. Humo shusha kwanza pale sauti inapoingilia. Piga kwa nguvu zako zote, huku unatazama kile kitaa kidogo. Kikiwaka chekundu, bado imezidi. Kikibaki cha kijani hata ukipiga kwa hasira, punguza na ule mkwaruzo uliouongezea sauti. Ukubwa wa sauti usawazishe mwishoni, ili ukibadilisha gitaa watu wasishtuke."

"Nifanye kwa hedifoni?"

"Hapana. Tumia spika, na iwe kubwa kama ya ukumbini. Sauti ndogo inadanganya sikio."

Costancia alishukuru, akakata simu, akatoka nje kuvuta hewa.

Siku aliyochagua, alianza kwa kuzunguka nyumba za majirani. Alipiga hodi kila mlango akasema kwamba alasiri watasikia mngurumo kutoka kwa mzee Beda, na kwamba ni gitaa, mto uko salama. Wengine walicheka. Jirani mmoja, Grace, ambaye maji yaliwahi kuondoka na ukuta wake mzima wa jikoni, hakucheka. "Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Ningeshakimbia."

Ndani, baba yake alikuwa amekaa karibu na spika. Masikio yake yamepungua nguvu, hivyo aliweka kiganja juu ya sanduku ili ausikie mtetemo. Costancia alichomeka kwanza gitaa la kahawia, akapiga. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akachomeka jekundu, akiwa ameshusha sauti kabisa, akawa anapandisha kidogo kidogo. Kitaa kikawaka chekundu, spika ikaanza kuvuma, naye akaachia gitaa likaning'inia shingoni, akaziba masikio. Baba yake ndiye aliyeinama akashika nyuzi.

"Limenyamaza," mzee Beda alisema. "Punguza, upige tena."

Alipunguza, akapiga tena. Kikawaka. Akapunguza zaidi. Siku hiyo alilia mara moja, akaosha uso, akaendelea. Kitaa kilipobaki cha kijani hata alipopiga kwa nguvu zote, alipunguza mkwaruzo, akakata kidogo ule ukali wa juu unaochoma sikio, kisha akaanza kubadilishana magitaa huku mzee akipima kwa kiganja. "Jekundu bado linasukuma," alisema. Baadaye akasema, "Sasa yanakaribiana." Mzee alipofikia kutotofautisha lipi ni lipi, Costancia alihifadhi. Priseti ya kwanza ilikuwa ya kahawia, ya pili ya jekundu.

Siku ya harusi, barabara kuu ya Mikumi ilikuwa imejaa malori kama kawaida, na kila lori lilipofunga breki za upepo nje ya ukumbi wa sherehe, Costancia aliruka. Abubakari alimwona. Alikwenda akafungua milango yote, akaizuia kwa matofali isijifunge.

Bi Magreti alikaa mstari wa mbele kama alivyosema, mkongojo umelala mapajani. Costancia alimwingiza Sesilia kwa gitaa la kahawia, vidole vimekuwa vya baridi mchana wa joto, na wimbo ukaisha salama. Akavaa jekundu. Akabonyeza priseti ya pili, akashusha kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa, akapandisha polepole. Sauti ikatoka safi. Watu wakainuka kucheza.

Katikati ya wimbo, umeme ukakatika. Spika zilikufa, lakini wanakwaya waliokuja kuimba waliendelea na makofi yakashika nafasi ya ngoma. Costancia alisimama na gitaa bila kazi, kiganja chake kimelala juu ya nyuzi. Tangu aliposhika gitaa tena, kiganja kile hulala pale chenyewe kila anapoacha kupiga. Umeme ukarudi ghafla. Melkizedek, aliyekuwa akiongoza kwaya, akamgeukia kwa furaha, akampungia mkono aingie.

Costancia alitazama chini. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na namba moja. Mashine ile ikizimika huamkia priseti ya kwanza, na ya kwanza ilikuwa ya gitaa nyonge, iliyosukumwa mpaka juu. Mikononi ameshika jekundu, na spika za Abubakari zilikuwa kubwa kuliko zile za Kilosa.

Aliona mlango, akaona watoto wanaocheza mbele ya mlango, akaona uso wa Bi Magreti umetulia ukimtazama yeye peke yake. Melkizedek alipunga tena. Costancia alitikisa kichwa kumkatalia. Kiganja hakukiinua. Kwa mkono wa kulia alizungusha kitufe cha gitaa mpaka mwisho wa chini, kisha akatafuta kwa mguu, akakosa, akatafuta tena, akabonyeza. Namba mbili. Akasubiri ahakikishe haijarudi. Ndipo akainua kiganja na kuanza kupandisha, kidogo, kidogo, mpaka gitaa likaingia ndani ya wimbo kama halikuwahi kutoka.

Wachezaji hawakujua lolote. Bi Magreti alikuwa ameushika mkongojo kwa mikono yote miwili. Sasa aliulaza tena mapajani.

Sherehe ilipofika kwenye chakula, Costancia alitoka akakaa kwenye ngazi za nyuma, akanywa maji. Abubakari alimletea sahani ya pilau.

"Uliona ile namba?" Costancia alimwuliza.

"Niliiona. Nilikuwa nakimbilia miksa, ile meza ya kuongozea sauti, nizime gitaa lako."

"Ungewahi?"

"Sijui," Abubakari alisema, na wote wawili wakaanza kula.

Kesho yake, akiwa bado Mikumi, alizipanga upya priseti zote. Sasa mashine ikiamka, inaamkia priseti isiyotoa sauti yoyote, na mpaka abonyeze mwenyewe ndipo kitu kinasikika. Amerudi kwaya, anapiga karibu kila Jumapili. Hofu haijaondoka, wala yeye hasemi imeondoka. Mwisho wa mwezi huu kwaya imealikwa Mamboya, kwenye kanisa ambalo hajawahi kuliona ndani, na ameshamwomba Melkizedek aulize huko lina milango mingapi.