Chini ya Meza ya Mjerumani

Gundi ya unga wa ngano ikianza kutokota hutoa harufu ya mkate ambao haujaamua kuwa mkate. Mpaka leo nikiinusa, shingo yangu hujiinamisha yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya utoto wangu niliipitisha chini ya meza, na anayeishi chini ya meza hujifunza mapema kukilinda kichwa chake. Usinicheke. Nitakueleza tulivyofika huko.

Mama alitoka Bukavu, akaingia Johannesburg na mikono miwili na ukaidi wa kuwatosha watu wanne. Alipata kazi Jeppestown, katika kiwanda cha karatasi cha familia moja ya Kijerumani. Walitengeneza bahasha, mifuko ya kaki, na zile karatasi za matundu ya urembo zinazotandikwa chini ya keki. Mwenye kiwanda alikuwa bibi mwembamba aitwaye Greta, ambaye babu wa baba yake ndiye aliyeianzisha kampuni huko Ujerumani. Wafanyakazi walimwita Gogo, jina la bibi kwa Kizulu, naye aliitika bila kinyongo.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa kampuni, mashine zilizimwa, wafanyakazi wakaja na watoto wao, na wote kuanzia Gogo hadi mfagiaji wakapokezana viti kuizunguka meza moja kubwa ya mbao, wakikunja bahasha kwa mkono. Ilikuwa meza ya jikoni ya yule mwanzilishi. Mbao zake zilikuwa zimeng'aa kwa viganja vya watu waliokwisha kufa zamani. Tulipewa kila mmoja kipande cha mfupa laini cha kukazia mikunjo, na mimi niliona fahari kubwa kukishika, ingawa bahasha zangu zilitoka zimepinda.

Mikono ikikunja, Gogo alisimulia. Mwanzilishi na mkewe walianza na sufuria ya supu, ndani yake gundi. Walikunja mifuko ya kuwekea peremende, wakauza, wakajenga kiwanda. Kiwanda kikaungua, wakarudi mezani. Wakajenga tena. Vita ikaja ikachukua mashine. Waliobaki wakarudi mezani. Hatimaye kijana mmoja wa ukoo akapanda meli kuja Afrika Kusini na mashine moja tu, pamoja na meza hiyo, maana mama yake alikataa katakata aondoke bila meza.

Mama alikipenda kisa hicho kupita kiasi. Nyumbani alinisimulia upya kwa Kiswahili cha kwetu, na katika masimulizi yake mke wa mwanzilishi alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akagombana na majirani sokoni, akavaa kitenge. Kwa miaka mingi niliamini Wajerumani wale walikuwa watu wa Bukavu waliohamia mahali penye baridi. Kilichonitatiza ni picha kubwa iliyotundikwa mlangoni mwa kiwanda. Ilionyesha wanaume wenye masharubu wamesimama kando ya mashine, vifua mbele. Meza haikuwamo, wala mwanamke, wala sufuria.

Kisha ukaja mwaka ambao Gogo alisimulia kisa chote, akasema jengo limeuzwa. Hakuwa na mtoto, na wapwa zake hawakuitaka biashara. Mashine zilikuwa zimekwisha kupata wanunuzi. Meza ingechukuliwa na mpwa aliyekuja kutoka Cape Town. Alitaka kuiweka sebuleni, juu yake chungu cha maua. Alikuwa kijana mpole, sina neno baya juu yake. Alikuja na wabebaji, wakasimama ukutani kungoja tumalize.

Watu walimaliza. Waliinuka mmoja mmoja, wakamkumbatia Gogo, wakaenda kulilia nje. Mama hakuinuka. Alivuta karatasi nyingine, akaikunja, akapaka gundi, akavuta nyingine. Nilimvuta nguo, nikamnong'oneza kwamba watu wanatungoja. Aliniambia nikae.

Yule kijana alisogea, akamwomba kwa adabu.

"Niko natumika," Mama alisema bila kuinua macho. Kwetu maana yake ni niko kazini, na ingawa kijana hakujua Kiswahili, alielewa. Alirudi ukutani. Wabebaji wakakaa chini.

Niliona aibu, na hofu pia. Nilijua kwamba kazi ikiisha hatuna kitu kingine. Mshahara wa Baba wa ulinzi ulimezwa na kodi ya chumba. Nilimwona Mama amechanganyikiwa, anang'ang'ania karatasi kama mtu anayezama. Lakini kila mkunjo wake ulitoka umenyooka.

Gogo alimtazama. Halafu akavuta kiti, akaketi mbele yake, naye akaanza kukunja. Wanawake wale wawili walikunja pamoja mpaka karatasi zikaisha mezani. Ndipo Gogo akamuuliza, kwa Kiingereza, anataka nini.

"Nataka hii meza," Mama alijibu kwa Kiingereza chake kilichojaa Kifaransa. "Wewe umesema wenyewe walianza hapa. Mimi pia nitaanza hapa."

Kijana alifungua mdomo. Gogo akamwinulia kidole bila kumgeukia, akasema kwamba nyumbani kwao meza haijawahi kuwa ya kuwekea maua. Baba, aliyekuwa amekuja kutuchukua, ndiye peke yake aliyepinga. Alimvuta Mama kando.

"Mama Neema, chumba ni kimoja. Tukiingiza ile meza, batoto batalala wapi?"

"Chini yake."

Gogo aliuliza wamesema nini. Nilipomtafsiria, uso wake ulibadilika, akageukia dirishani. Nilidhani tumemuudhi.

Basi meza ilipanda kutoka Jeppestown hadi Bellevue juu ya mkokoteni wa mwokota makopo, miguu yake minne ikielekea mbinguni. Kwenye kila robot, kama waitavyo huko taa za barabarani, teksi zilitupigia honi. Nikitembea kando yake niliona upande wa chini wa mbao umejaa mikwaruzo: nyumba ndogo iliyopinda, jua, ndege. Nilidhani ni alama za fundi seremala. Mlango wa chumba chetu ulikuwa mwembamba, na ilibidi Baba aung'oe pamoja na fremu, huku mwenye nyumba akitulaani kwa lugha tatu.

Ilipoingia, chumba kilikwisha. Mimi na mdogo wangu tulitandikiwa godoro mvunguni mwake. Juu yetu Mama alikunja bahasha za sadaka za makanisa ya Hillbrow na za michango ya harusi za Wakenya wa maofisini, na sauti ya mfupa ukikaza mikunjo ndiyo iliyotulaza. Shuleni sikumwambia mtu. Rafiki zangu walipoongea juu ya vitanda vyao, mimi nilisema changu ni cha ghorofa. Niliona haya, na wakati mwingine niliichukia meza ile kwa moyo wangu wote.

Siku moja Gogo alikuja kutusalimu. Alikunywa chai, akazisifu bahasha, kisha akawa anaipapasa meza kwa chini kwa vidole, asifike alikotaka. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini magoti ya Gogo yalikuwa yamekwisha kustaafu. Akaniomba niiname mimi.

"Karibu na mguu wa dirishani," alisema. "Kuna ndege?"

Niliingia. "Yupo, Gogo. Ana miguu mitatu."

Alianza kulia. Alisema bibi yake ndiye aliyemchora, utotoni, baada ya moto; na kwamba nyumbani kwao jambo hilo halikuwa likisemwa mbele ya watu. Mimi sikusikiliza yote. Nilikuwa nimeng'ang'ania mguu wa meza kwa mikono miwili, maana niliona wazi kwamba amekuja kuichukua.

"Gogo," nilisema kutoka mvunguni, "meza ni ya Mama."

"Najua, mtoto wangu," alisema, akamwomba Mama chai nyingine.

Leo nina karakana yangu ya karatasi Jeppestown, barabara mbili kutoka kilipokuwa kiwanda kile. Gogo amekufa, na Mama amezeeka, lakini huja kila Jumatatu kukosoa gundi yangu. Imenichukua miaka mingi kuelewa kilichomliza yule bibi. Familia yao nayo ililala chini ya meza hii, watoto wamebanana, mama yao akikunja juu yao usiku kucha. Kisha wakapata, wakaona haya, wakatundika picha ya masharubu. Mama hakuwa amekijua kipande hicho cha historia. Alikibahatisha kwa jibu moja tu alilompa Baba.

Wiki iliyopita mteja aliniomba picha ya karakana ya kutundika dukani kwake. Nilimpigia picha ya meza, sufuria ya gundi ikiwa juu. Nilipoinama kuokota karatasi iliyoanguka, nilimkuta binti yangu amejilaza chali mvunguni, yeye mwenye kitanda chake na chumba chake, akifuatisha kwa kidole ndege wa miguu mitatu. Aliniuliza kama na yeye anaruhusiwa kuchora. Nilikwenda kumtafutia msumari.