Kovu Kwenye Picha ya Kifua

Baruapepe ya kukubaliwa chuoni ilinikuta kwenye chumba cha walimu, nikisahihisha karatasi za Kidato cha Tatu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa kilimo katika shule moja ya upili upande wa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kuomba nafasi ya shahada ya uzamili huko Uingereza. Mara mbili za kwanza niliandika yale niliyodhani watu wa vyuo hupenda kusoma, jinsi nilivyoipenda sayansi tangu utotoni na jinsi nitakavyorudi kubadilisha bara zima. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, nikaandika tu juu ya shamba letu la Molo. Kwamba mama yangu hupanda viazi kwenye ekari moja na nusu, kila mwaka anaongeza mbolea na kila mwaka viazi vinazidi kuwa vidogo, na mimi, mwalimu wa kilimo, sijui nimwambie nini. Hiyo ndiyo waliyoikubali, na ufadhili juu yake.

Nilitoka nje nikampigia mama simu. Baba alifariki nikiwa darasa la nane, kwa hiyo habari zote za nyumbani, nzuri na mbaya, ni za watu wawili.

"Ni baridi kushinda Molo?" akauliza.

"Wanasema ni baridi sana."

"Na wanakula nini?"

"Viazi."

"Basi utaishi," akasema, na nikasikia anapenga kamasi.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Iliyobaki ilikuwa visa, na visa nilikuwa nimeichukulia kama kazi ya kukusanya makaratasi: pasipoti, vyeti vya shule, barua ya chuo, barua ya wafadhili, na cheti cha kuonyesha kwamba sina TB. Mtu akitoka Kenya kwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita, lazima kwanza apigwe picha ya kifua katika kliniki inayotambuliwa na serikali yao. Nilichukua ruhusa ya siku moja kwa mwalimu mkuu, nikaenda Nairobi asubuhi nikiwa na hakika kwamba jioni nitarudi na cheti changu.

Tulikuwa kama watu kumi kwenye benchi, wengi vijana, kila mmoja na faili yake ya plastiki. Tuliitwa mmoja mmoja, tukavaa gauni lililofungwa kwa nyuma, tukaambiwa tuvute pumzi na kuizuia. Baadaye majina yakaanza kuitwa ya kuchukua vyeti. Kijana aliyekuwa amekaa karibu nami, anayekwenda kusomea uhandisi, alichukua chake akaniambia, "Haya basi, tuonane huko." Benchi likaisha watu. Nikabaki mimi na mama mmoja mzee, naye pia akaitwa akaenda.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Picha yangu ilikuwa kwenye skrini mbele yake. Akanionyesha kwa kalamu sehemu ya juu ya pafu la kulia, palipokuwa na kitu kama ukungu wenye mistari.

"Umewahi kuugua TB?"

"Hapana."

"Hata utotoni?"

"Hapana, daktari. Ningejua."

"Hili linaonekana kama kovu la zamani. Linaweza kuwa si kitu. Lakini sheria ni kwamba nikiona kovu na sina rekodi ya matibabu, siwezi kukupa cheti. Utatuletea makohozi asubuhi tatu mfululizo, tuyaoteshe maabara. Ni kama wiki nane."

Nimefundisha kuotesha mbegu kwa miaka saba. Sikuwahi kufikiri kuna mtu ataketi wiki nane akingoja kuona kama kuna kitu kitaota kutoka kifuani mwangu. Nilihesabu hapo hapo kwenye kiti. Masomo yalikuwa yaanze baada ya wiki tisa, na visa yenyewe huchukua wiki tatu.

Nililala kwa binamu yangu siku hizo tatu, nikamwambia ni mambo ya pasipoti. Nikarudi Nakuru na uongo uleule. Mwalimu mkuu alipouliza, nilisema makaratasi yamechelewa. Kumbe siri ya namna hii huingia hadi kwenye vitu vidogo. Nilianza kujibebea kikombe changu kutoka nyumbani. Nilisimama karibu na dirisha nikifundisha. Mwanafunzi akikohoa darasani nilijiuliza kama nimemwambukiza mimi, na hali daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba sina dalili yoyote na niendelee na kazi. Nilikuwa mtu mzima mwenye digrii, na nilikuwa naona haya kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Jumamosi ya pili nilishindwa kuvumilia, nikapanda gari kwenda Molo. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akichambua viazi, vya mbegu upande huu, vya kuuza upande ule. Nilivuta kigoda nikaanza kumsaidia, na bila kumtazama nikamweleza yote: kliniki, ukungu kwenye picha, swali la daktari na jibu nililompa.

Mikono yake ilisimama. Nilidhani ameshtuka kwa ajili ya safari. Akasema kwa sauti ya chini, kiazi bado mkononi, "Ulimwambia uongo. Lakini si makosa yako. Mimi ndiye sikukuambia."

Nilikuwa na miaka minne, akasema. Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyeanza kukohoa, na kwa kuwa mama alikuwa akishinda vibaruani, mimi nilikuwa nikilala na nyanya na kula naye sahani moja. Nyanya alipopelekwa zahanati, walimpa dawa, lakini alikuwa amechelewa sana. Alipokufa, mimi nami nikaanza kukonda na kutoka jasho. Mama alinipeleka zahanati hiyo hiyo. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa sindano kila siku, kisha vidonge, miezi minane yote pamoja. Alinibeba mgongoni kila asubuhi kabla ya majirani kutoka, na aliyemuuliza aliambiwa anaenda kupalilia njegere za mwajiri fulani ng'ambo ya mto.

"Kwa nini ulificha?"

"Wewe ulikuwa mdogo, hukuona vile watu walimfanyia nyanya yako. Watu walikuja matanga wakasimama nje ya boma. Hawakunywa hata chai yetu. Nikasema, huyu mtoto hawatamfanyia hivyo. Atacheza na watoto wao, ataenda shule, ataolewa."

"Sijaolewa," nikasema.

"Hiyo sasa si TB," akajibu, na sote tukacheka kidogo, kisha akalia, na mimi nikalia. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nikijaribu kukumbuka mgongo wake asubuhi hizo na sikukumbuka chochote, hata harufu ya zahanati, hata sindano moja.

Kadi ya matibabu ilikuwepo, alikuwa ameitunza, lakini iliungua pamoja na nyumba yetu ya kwanza mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, tulipokimbilia Nakuru na kulala kwenye uwanja wa maonyesho. Kwa hiyo hapakuwa na karatasi. Palikuwa na mtu, akasema mama, kama bado yu hai.

Jumatatu niliomba ruhusa tena. Tabibu aliyekuwa akiendesha zahanati ile alikuwa amestaafu zamani na kuhamia Elburgon, ambako anafuga ng'ombe watatu wa maziwa. Tulimkuta akikata nyasi za ng'ombe kwa mashine ya mkono. Alimtazama mama kwa muda, akavua kofia.

"Wewe ni mama wa ngazi," akasema.

Mama hakuelewa. Mzee akanigeukia mimi. "Nilikuwa nikija kufungua, namkuta amekaa kwenye ngazi na mtoto. Mvua, baridi, yuko hapo. Wagonjwa wangu wengi waliacha dawa wakipata nafuu, wengine niliwafuata mpaka kwao wakajificha. Huyu hakukosa siku moja. Ndiye wewe huyu mtoto?"

"Ndiye mimi."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili yenye majani, akaendelea kuushika huku akizungumza na mama juu ya watu waliokufa na waliohama. Tulipomweleza shida yetu alisema barua yake haitafaa, hana tena mhuri. Kinachofaa ni rejista. Akabadilisha shati, tukaenda naye.

Zahanati sasa imekuwa kituo kikubwa chenye wodi ya wazazi. Muuguzi kijana aliyekuwa zamu alisema rejista za miaka hiyo hazipo. Mzee akamwambia kwa heshima kwamba zipo kwenye stoo ya nyuma, rafu ya chini, kama hakuna aliyezihamisha, maana yeye ndiye aliyeziweka. Muuguzi alienda kutafuta ufunguo. Tulikaa humo stoo kama saa mbili, sisi wanne, katikati ya vitanda vilivyovunjika na neti za mbu, tukifungua vitabu vikubwa ambavyo maji ya paa yalikuwa yamegandisha kurasa zake. Muuguzi ndiye aliyekipata, na wakati huo alikuwa ameshaanza kujali kama sisi.

Jina langu lilikuwa hapo, kwa wino wa bluu uliofifia. Umri, miaka minne. Uzito, kilo kumi na moja. Mwisho wa mstari, kwa mwandiko wa mzee, ilikuwa imeandikwa kwamba nimemaliza matibabu.

Mama husoma polepole. Aliweka kidole kwenye mstari wangu, kisha akarudisha kurasa mbili nyuma, akatafuta, akaniambia, "Nisomee hapa." Lilikuwa jina la nyanya. Nilisoma umri wake, kijiji, tarehe aliyoanza dawa. Kwenye nafasi ya mwisho paliandikwa neno moja, amefariki, nalo nikalisoma. Mama alitikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu aliyokuwa akiijua, akasema, "Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa anakupenda sana wewe." Mzee alitoka nje, akasimama akiangalia barabara.

Nilipiga picha kurasa hizo, muuguzi akatuandikia barua na kuipiga mhuri, na wiki hiyo nikazipeleka Nairobi. Daktari alizisoma zote, akaziweka kwenye faili. Akasema zimemsaidia sana kuelewa picha ile, lakini makohozi yameshaanza kuoteshwa na sheria haimruhusu kutoa cheti kabla ya majibu. Nilikuwa nimejiandaa kumsihi. Nilipoona uso wake niliacha.

Nikamwandikia mtu wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wapya. Safari hii sikuandika "makaratasi yamechelewa." Niliandika kwamba nilitibiwa TB nikiwa mtoto, kwamba sikujua hadi mama aliponiambia, kwamba nangoja majibu na huenda nisifike kwa wakati. Nilikaa na ule ujumbe siku mbili kabla ya kubonyeza. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, fupi, la kiungwana: kozi hiyo huanza pia Januari, wafadhili wamekubali, nisiwe na wasiwasi, na anamsalimu mama yangu.

Nilimwambia mwalimu mkuu ukweli pia. Alisikiliza, akainuka akafunga mlango, akaniambia mdogo wake aliwahi kuugua. Hakuwa amemwambia mtu pale shuleni.

Majibu yalitoka katikati ya Septemba. Hakuna kilichoota. Cheti kikatoka, visa ikatoka Novemba, nikaaga shule muhula ulipofungwa.

Jumapili kabla ya safari, akina mama wa kanisa walikuja nyumbani Molo kuniombea. Walikuwa kama ishirini, wamejaa sebuleni hadi mlangoni, na chai ilikuwa imeshagawanywa. Mama alisimama kushukuru. Nilidhani atasema maneno mawili akae. Akasema, "Nyinyi mnajua mama mkwe wangu alikufa na nini. Hamjui kwamba huyu mtoto naye alikuwa nayo. Nilikuwa nawaambia naenda kupalilia njegere." Akaendelea kusimulia, sindano, vidonge, ngazi, rejista. Nilitazama vikombe. Wengine walikuwa wanawake walewale waliosimama nje ya boma, sasa wenye mvi. Hakuna aliyeweka kikombe chini. Mmoja akasema, "Tulikukosea wakati huo," na mama akajibu, "Hamkuwa mnajua," ingawa nadhani wote tulijua kwamba hilo halikuwa kweli kabisa.

Walipokuwa wakiondoka, jirani mmoja alibaki nyuma akijifanya anasaidia kuosha vyombo. Ana mjukuu anayemlea, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amekohoa mwezi mzima. Aliongea na mama karibu na tangi la maji, wakiwa wameinamisha vichwa. Kesho yake wakaenda naye kituoni, na Alhamisi mtoto akaanza dawa.

Ndege yangu ilikuwa Ijumaa usiku. Tulikuwa tumepanga mama anisindikize hadi Nairobi, alale kwa binamu. Alifika nami Nakuru tu. Kwenye kituo cha magari alinipa chupa ya chai na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, akanirekebisha kola kama mtoto wa shule.

"Usikasirike," akasema. "Yule jirani anaogopa dawa kuliko mtoto. Nilimwambia kesho asubuhi nitaenda nao tena."

"Sijakasirika."

"Mtoto mwenyewe halii. Ni yeye ndiye analia."

Tukacheka. Akanikumbatia, si kwa muda mrefu, kwa sababu gari la Molo lilikuwa linajaa na hakutaka kulikosa.