Klavie ya Cikuru

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa darasa la mwisho la sekondari, shule moja hapa mjini, mtaa wa Nguba, na tulikuwa na mtihani wa vitendo wa kompyuta. Baba yangu kule kijijini Walungu alikuwa amesema mbele ya shangazi zangu wote: nikianguka mwaka ule, nafunga vitabu, narudi kulima. Na baba hakuwa mtu wa kutishia bure. Dada yangu mkubwa aliambiwa hivyo hivyo, akaanguka, na wiki ile ile alikuwa shambani.

Acha kwanza nikueleze tulivyokuwa tunasoma, na usinicheke. Mashine zilikuwa chache, tukakaa watu sita kwa moja. Basi tukajipangia desturi yetu: kila kikundi kina mtu wake wa kushika klavie, kile kibao cha vitufe vya kuandikia. Kwetu alikuwa mvulana mmoja, Cikuru. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na kwao nyumbani kompyuta ilikuwepo. Mimi nilikuwa mwenye kichwa. Nasimama nyuma yake namwambia, "Weka hapa, rudisha pale, sasa rudia mpaka majina yaishe," na yeye anaandika. Programu zetu zilikuwa zinatembea kuliko za wote. Mwalimu anatusifu, tunavimba vichwa. Mwaka mzima sikugusa klavie hata siku moja, na hakuna aliyeona ajabu. Karibu wasichana wote wa darasa letu tulikuwa hivyo.

Siku ya mtihani akaja mpimaji kutoka shule nyingine, mwalimu mzee tuliyemwita kwa heshima Papa Cirhuza. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, tukawa tunategemea jenereta. Tulikuwa tumeshajipanga kwa vikundi vyetu, Cikuru mbele ya klavie na mimi nyuma yake, pale yule mzee alipopiga meza.

"Mutoto mumoja, mashine moja. Wengine mutoke inje."

Moyo wangu, paa! Jina langu lilikuwa la mwisho. Nilipoingia, jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, na mlinzi wa shule anapiga kelele uani kwamba mafuta yanaisha.

Maswali yalikuwa mawili. La kwanza lilitaka programu ya kutafuta wastani wa alama tatu za mwanafunzi. Eh, swali la watoto! Ningeweza kulijibu hata usingizini. Nikaketi. Sasa A iko wapi? Natafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama mtu aliyeangusha sindano. Halafu nikafika kwenye namba. Nabonyeza tatu, kwenye kioo inatoka alama ya kunukuu. Nabonyeza mbili, inatoka e yenye alama kichwani. Nafuta, narudia, e ile ile! Jasho likanitiririka mgongoni. Nikajiuliza kama kuna mtu ameniroga.

"Papa," nikasema, "hii programu niko naijua. Nikuambie kwa mudomo?"

"Sikuje kusikiliza redio."

Dirishani nikamwona Cikuru, ananipigia ishara, anasukuma mkono juu, juu. Papa Cirhuza akainuka, akafunga dirisha. Lo! Hapo nikalia kabisa, mwanangu, machozi na kamasi, siongopi. Taa ikafifia, ikarudi. Nikamwona baba machoni pangu, vile anavyokunja mdomo akishaamua jambo.

Nikajipangusa kwa kola ya shati. Nikainama mpaka pua ikakaribia klavie, nikakitazama kile kitufe cha namba tatu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alama ya kunukuu ilikuwa chini, tatu ilikuwa juu yake. Sasa ile ya juu inatokaje? Nikaanza kujaribu vitufe vya pembeni: nashika kimoja, nabonyeza tatu. Hapana. Nashika kingine. Hapana. Nikashika kile chenye mshale unaoelekea juu, nikabonyeza. Tatu! "Yesu Maria!" nilipiga kelele, na mzee wala hakutabasamu.

Nikaandika mbio nilivyoweza, kosa juu ya kosa. Jenereta ikakohoa tena. Nikaiendesha programu, na wastani ukatokea kwenye kioo. Nikageuka nimwonyeshe, na papo hapo kelele za jenereta zikakatika, mashine ikazimika.

"Umeona, Papa?"

"Nimeona moja," akasema. "Ya pili sikuone."

"Lakini na ya pili niko naijua!"

Wala hakukasirika. "Mutoto, ule kijana wa kwa dirisha ndio anajua. Weye ulikuwa unamutuma tu. Kichwa yako iko muzuri sana. Sasa nani aliambia vidole vyako kama haviko vyako?"

Akanipa nusu ya alama. Nusu ile ikanivusha chupuchupu, nikafanya mtihani wa serikali, sikurudi kulima. Lakini siku ile, njia nzima ya kurudi nilikokuwa nakaa mjini, nilikuwa nalia kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimejiona fundi.

Sasa sikia, mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Jana nilipita karibu na darasa lenu, nikawaona mmezunguka tableti moja, kijana mmoja anagusa na ninyi wote mnatazama. Halafu wewe ukatoa simu, ukaiambia ikuandikie programu yote. Ikaandika, ukacheka, ukaifunga. Nilishikwa na hasira, sikufichi. Simu ni chombo kizuri, iulize, ikufundishe, wala sikukatazi. Lakini ikishakuonyesha, futa yote, andika mwenyewe, na programu ikikukatalia usikimbie, kaa hapo mpaka ujue imekukatalia wapi. Na kwenye kikundi usingoje kupewa nafasi. Sema, "Zamu yangu," ukae. Wakikucheka kwamba unaandika polepole, waache wacheke, wewe andika.

Mungu akubarikie vidole vyako, mwanangu, akuletee na walimu wagumu wanaokupenda. Na siku wenzako wote watakapotolewa nje, ubaki peke yako na mashine, siku hiyo ikukute unajua pa kuanzia.